Ziwa Lisilo na Chumvi

Tangu nirudi, kila anayeniletea suruali ya kutiwa kiraka hapa barazani ananiuliza habari za safari kabla hata hajanipa suruali yenyewe. Nimesimulia mpaka nimechoka, na kila nikimaliza nakumbuka jambo nililoliacha, nakosa raha mchana kutwa. Nimeona afadhali niandike mara moja, mkitaka someni. Sikupita shule. Herufi nilijifunza mwenyewe kwenye magunia na makaratasi ya kufungia sukari, kwa hiyo mwenye kuona kosa anisamehe. Mwanzo huu nimeufumua kama kola iliyokaa upande, nikaushona tena, na bado naona haujanyooka. Nauacha hivyo hivyo.

Wengi mnajua kwa nini nilikwenda, lakini wengine mmesikia nusu. Nilitaka kumwoa Mariamu, binti wa Mzee Mpondo wa Sepuka. Baba yangu, kule Mungaa, alikataa kutoa ng'ombe. Kwetu mdogo hampiti mkubwa. Kaka yangu Ntandu aliondoka kwenda Usukuma kutafuta fedha ya kodi wakati mimi bado nachunga ndama, na hakurudi. Baba alisema Ntandu aje aoe kwanza, au aniruhusu kwa kinywa chake. Na kwa kinywa chake ni hivi: mkubwa anachukua funda la maji, anampulizia mdogo kifuani, anamwambia pita. Neno la kutumiwa kwa mtu mwingine halikubaliki. Mzee Mpondo naye alisema atanisubiri mpaka mtama uvunwe, kisha asilaumiwe, maana kulikuwa na mtu wa pili aliyemtaka Mariamu, na ng'ombe wa mtu huyo hawakuwa wakimngoja kaka wa mtu.

Habari pekee tuliyokuwa nayo ni ya jamaa mmoja aliyetoka kuvuna pamba. Alisema amemwona Ntandu Ukara, kisiwa kilicho nyuma ya kisiwa cha Ukerewe, katika ziwa kubwa, akiishi na wavuvi. Nilishona koti la kumpelekea. Mama alinipa kibuyu cha maji kilichozibwa kwa gunzi, akasema, "Usinywe maji ya watu usiowajua." Ndivyo nilivyoondoka.

Kutoka Singida: matope ya Wembere

Nilipanda lori lililobeba ngozi za ng'ombe. Ngozi zilikuwa hazijakauka vizuri. Nilikuwa nimevaa shati langu jeupe, nilidhani msafiri anatakiwa aonekane nadhifu, na kabla hatujafika Iramba lilikuwa linanuka kama machinjio. Mwenye ngozi alikuwa Mzee Kitundu, Mnyiramba wa Nduguti, mtu mnene mwenye kupenda kucheka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanitazama nikijipangusa.

"Mjukuu wangu, unakwenda harusini?"

"Namtafuta kaka yangu, ili niende harusini," nilisema, nikamweleza habari za Sepuka na za ziwani.

"Aa! Nyie Wanyaturu mnapenda kuzunguka. Mke yuko Sepuka, wewe unamfuata Mwanza."

Tuliteremka mlima wa Sekenke huku nimefumba macho. Sioni aibu kusema. Dereva alikuwa akiimba, na kila kona nilihesabu kuwa ndiyo ya mwisho wangu. Kule chini mbuga ya Wembere ilikuwa imelowa. Udongo mweusi ulishika magurudumu, lori likalala upande, na hapo tukakaa. Tulikata matawi tukayatia chini ya magurudumu, tukasukuma, tukaanguka, tukakata mengine. Jioni tulikula ugali wa mtama na mlenda mkavu wa Mzee Kitundu uliochemshwa kwa maji ya dimbwi. Kesho yake tulifanya hivyo hivyo. Wale wengine walizungumza, wakalala, wakaamka wakazungumza tena. Mimi nilizunguka lori nikifikiria mtama wa Sepuka unavyokomaa.

"Keti," Mzee Kitundu aliniambia. "Ukisimama lori halitoki. Ukikaa pia halitoki. Basi si afadhali ukae?"

Nilikaa, lakini sikupumzika. Lililotutoa ni jozi za ng'ombe wa watu waliokuwa wakipita. Abiria walimcheka dereva mpaka Nzega.

Mwanza na Nansio: kungoja

Kutoka Nzega nilipata lori jingine hadi Shinyanga, na Shinyanga nikapanda gari moshi, behewa la daraja la tatu, nimebanwa kati ya mama mwenye kuku na mtu aliyelala begani kwangu bila kuniomba. Sikumwamsha. Bega lilikufa ganzi, na koti la Ntandu nililipakata lisikunjike.

Mwanza niliambiwa meli ya Ukerewe inaondoka kesho. Kesho yake nikaambiwa vile vile, na siku iliyofuata pia. Kila nikiuliza, karani alinitazama kama mtu anayemsumbua kwa jambo dogo. Nililala kwenye magunia karibu na gati. Maji nilinunua kwa mwanamke aliyepita na debe kichwani. Sikumuuliza ameyachota wapi, na ninyi mtakapofika mbele mtaona upumbavu wangu ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Chakula kilikuwa tabu nyingine. Kwetu hatukukua na samaki. Mama ntilie mmoja aliniwekea ugali na sato mzima, kichwa kwa mkia, ananikodolea jicho. Nilikula ugali, nikamwachia samaki wake.

"Hujashiba?" akaniuliza.

"Nimeshiba, mama."

"Mbona mboga umeiacha?"

"Ananitazama."

Yule mama aliita wenzake waje wamsikie mtu anayeogopa mboga. Kutoka siku ile kila nilipopita alifunika sufuria kwa mkono, ati samaki wasinione wakaogopa.

Meli ilipoondoka nilikaa katikati kabisa, mbali na kingo zote, na sikuinuka mpaka tulipofika Nansio.

Mtumbwi wa kushonwa

Nilivuka Ukerewe kwa miguu, njia ya mihogo na michungwa, mpaka ufuko wa kaskazini. Ukara ilikuwa mbele, ng'ambo ya mlango wa maji, kama rundo la mawe lililosahauliwa. Mtu aliyeniambia habari za Ntandu alisema anaishi na wavuvi, lakini hakujua ni ufuko upi. Kwa hiyo nilimtafuta mtu anayezunguka kisiwa chote. Nilimpata Magesa, ambaye alikuwa akienda kambi hadi kambi kukusanya samaki wakavu. Alisafiri na shemeji yake Mafuru, kijana mwenye mikono mirefu na maneno machache.

Nilipouona mtumbwi wao nilirudi nyuma. Ulikuwa umeshonwa. Sikosei: mbao zilitobolewa matundu, zikashonwa kwa kamba za nyuzi za miti, mshono mrefu kutoka omo hadi tezi, na penye nafasi pamesindiliwa nyuzinyuzi. Mimi ni fundi cherehani. Najua mshono wowote ni mahali ambapo kitu kitaachia.

Nilipiga magoti nikaukagua. Niliona mahali ambapo kamba ililegea, nikamwonyesha Magesa.

"Hapa patafumuka, bwana."

"Panafumuka tangu marehemu baba," Magesa alisema. "Wewe ndiwe fundi? Ingia na sindano yako."

"Maji yanaingia!"

"Yanaingia, na Mafuru anayatoa. Yasipoingia Mafuru atafanya kazi gani?"

Niliingia. Mafuru alikumba maji kwa kata ya kibuyu, akapiga kasia, akakumba tena. Mimi nilishika mbao mbili kwa mikono miwili, kana kwamba mikono yangu ndiyo inayozizuia zisiachane. Najua mtacheka. Lakini nilivuka mlango ule wote nimeshika hivyo, na nilipoachia vidole havikunyooka upesi.

Mawe ya upande wa mashariki

Sisi watu wa Singida mawe tunayajua. Lakini mawe yetu yamekaa pamoja na sisi, mtu anaanika mtama juu yake, mbuzi wanalala. Ya Ukara yalisimama ndani ya maji, makubwa kuliko tembe la baba, yamebebana kama magunia yaliyopangwa na mlevi. Mawimbi yaliingia chini yake yakitoa sauti kama ya mtu anayepumua kwa shida. Ndege weusi wenye shingo ndefu walikaa juu wametandaza mabawa, na mawe yenyewe yalikuwa meupe kwa mavi yao. Mara mbili nilidhani naona gogo, likawa kenge.

Katika kila kihori, yaani ghuba ndogo yenye mchanga, palikuwa na vibanda vya wavuvi, na katika kila kibanda niliuliza, "Mnamjua Ntandu, mvuvi kutoka Singida?" Walijibu hapana. Penye mawe mabaya Magesa hakuthubutu kuukaribia ufuko. Alinishusha kabla ya rasi, nikapanda mawe kwa mikono na magoti, nikauliza katika vibanda vya juu, kisha nikateremka upande wa pili akanichukua. Suruali yangu nzuri ilipasuka gotini. Sikuwa na nguvu ya kuishona.

Lakini kitu kilichonimaliza ni kiu. Kibuyu cha mama kilikwisha siku ya kwanza ya mtumbwi. Siku ya pili hapakuwa na upepo, jua lilipiga juu ya maji na maji yakalirudisha usoni mwetu. Magesa na Mafuru waliinama wakachota ziwani, wakanywa. Nilifikiri wamezoea, kama ng'ombe wetu walivyozoea kulamba magadi.

Mafuru alinipa kata. "Kunywa, fundi."

"Ahsante. Nimeshiba."

"Umeshiba jua?"

Nilimrudishia kata. Nilikuwa nimekwisha kufanya hesabu yangu: nikifika kijijini nitaomba maji ya kisima. Lakini vibanda vile havikuwa na kisima hata kimoja, na nilipomwomba mvuvi mmoja maji alininyooshea mkono kuelekea ziwani, nikaona ananidharau. Kwenye rasi ya mwisho ya siku ile miguu ilikataa. Nilikaa juu ya jiwe na ulimi umenikauka. Nilitazama maji yale yote nikaona kweli Mungu ana mizaha. Magesa aliona sitokei, akaja kwa miguu na Mafuru.

"Unaumwa?"

"Kiu," nilisema.

Magesa alitazama ziwa upande wa kulia. Akatazama upande wa kushoto. Akatazama mbele, kule ambako mwisho hauonekani.

"Mafuru," alisema taratibu, "abiria wetu ana kiu. Sasa tumtafutie maji wapi?"

"Haya si ya kunywa," nilisema. Nilikuwa karibu kulia. "Nyinyi mmezoea. Ziwa lina chumvi."

"Nani kakuambia?"

"Ziwa ni ziwa! La Singida tunakwangua chumvi pembeni. Ukinywa unaharisha, ng'ombe wenyewe wanakonda."

Hapo ndipo walipoelewa. Mafuru, ambaye alikuwa hajawahi kucheka mbele yangu, alikaa chini akicheka. Magesa alijishika kiuno, akacheka mpaka ndege wakaruka. Kisha akateremka, akachota kwa kata, akaniletea.

Nilionja kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa maji. Hayakuwa na chumvi wala uchungu, yalikuwa matamu kuliko ya kisima chetu. Nilikunywa kata nzima, nikateremka mwenyewe nikalala kifudifudi nikanywa kama mnyama.

Mngedhani nilifurahi. Nilikasirika. Nilimwona mama akifukua mchanga wa mto uliokauka, akingoja kata moja ijae, na wanawake wengine wamepanga mitungi nyuma yake. Nilimwona baba na wenzake ndani ya shimo wakipandishiana maji kwa ajili ya ng'ombe mpaka mikono inafura. Na hapa maji yamelala tu, hakuna anayeyapangia foleni. Nililia kidogo. Magesa aliacha kucheka, akatazama kando.

Kutoka hapo waliniita Bwana Chumvi.

Tawi la mswaki

Asubuhi Magesa alinishusha tena, akasema tutakutana kihori kinachofuata, na kwamba baada ya hicho kambi zimekwisha. Kwa hiyo nilipanda nikijua karibu nitarudi mikono mitupu. Nilikuwa sijapiga mswaki, nami siwezi kuzungumza na watu kinywa kikiwa hivyo. Juu ya mawe palikuwa na vishamba vidogo vidogo, vimezungushiwa kuta za mawe, safi kama kitambaa kilichopigwa pasi. Pembeni palikuwa na mti. Nilivunja kijitawi, nikaanza kutafuna.

"Wee! Mwizi!"

Mwanamke alikuja mbio na kapu la majani kichwani, asilishike hata kwa mkono. Alinipokonya kijitawi. Alisema maneno mengi ya Kikara, alipoona sielewi akaja na Kiswahili.

"Umevunja mti wangu!"

"Mama, ni kijiti tu. Cha mswaki."

"Kijiti kina majani. Majani ni chakula cha ng'ombe wangu. Nani kakupa?"

"Sikujua kama mti una mwenyewe. Umeota porini."

"Porini wapi? Huu una mwenyewe. Ule una mwenyewe. Nyasi hizo ulizokanyaga zina mwenyewe, na atakuja sasa hivi."

"Kwetu mti usiopandwa ni wa watu wote."

Aliacha kufoka. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa. "Kwenu ni wapi?"

"Singida."

Alipiga makofi, kapu likatikisika. "Nyinyi! Mwenzako alivunja tawi la mti huu huu, akasema maneno hayo hayo. Kijiti tu, mama. Porini, mama. Baba yangu alimlipisha kwa kukata majani ya ng'ombe. Mpaka leo anakata."

Nilimsogelea. "Anaitwa nani?"

"Ntandu. Mume wangu."

Nilimwambia kwamba nimeuliza kisiwa kizima, na watu wote wamesema hawamjui Ntandu mvuvi.

"Mvuvi?" alicheka. "Ntandu haingii maji yaliyopita magoti. Wewe ni nani?"

"Mdogo wake."

Alinirudishia kijitawi changu. "Maliza mswaki, shemeji," alisema. "Huwezi kumsalimia kaka yako na kinywa hicho."

Nyumbani kwa Ntandu

Kaka yangu alikuwa ndani, ameinama juu ya shimo. Watu wa Ukara hawachungi, kwa sababu hakuna mahali pa kuchungia. Ng'ombe wanakaa ndani, katika shimo, na majani huletwa kwao kama wagonjwa wanavyoletewa uji. Samadi inapandishwa shambani. Ntandu, aliyekuwa akikimbiza ng'ombe wa baba kutoka Mungaa mpaka karibu na Manyoni, alikuwa akimlisha ng'ombe mmoja jani kwa jani.

"Shikamoo, kaka."

Aliitikia bila kugeuka, akidhani ni kijana wa jirani. Kisha akageuka. Hatukusema Kiswahili tena kwa muda mrefu, na yale tuliyosema kwa Kinyaturu sitayaandika.

Nilimpa koti. Mabega yalimbana na mikono iliishia juu ya vifundo, kwa sababu nililipima kwa mwili wa kijana niliyemkumbuka. Niliona aibu, nikamwambia alivue nifumue. Alikataa. Alikula nalo, akakata majani nalo, na mshono wa kwapa ulipoachia alijifanya hajasikia.

Nilimweleza sababu ya safari. Aliinamisha kichwa.

"Mimi nimeoa bila ng'ombe wa baba," alisema. "Baba mkwe alitaka kazi, nikampa kazi."

"Basi umekwisha kupita. Baba hana neno tena."

"Nimepita peke yangu, na kwetu hakuna aliyeniona. Huko si kupita."

"Basi turudi wote. Baba akuone."

"Siwezi."

"Kwa sababu ya mke? Tumchukue."

"Si mke."

"Unaogopa baba atakasirika?"

"Atakasirika, na atapoa." Alimtazama ng'ombe wake akitafuna. "Siwezi kukueleza ukaelewa. Usiniulize tena."

Nilimuuliza tena. Nina tabia hiyo, siwezi kuacha kitu kisichonyooka. Nilimuuliza wakati wa kula, mihogo na samaki, na samaki yule nilimla kichwa na yote ili asiseme nimemdharau. Aliniongezea muhogo. Shemeji aliinuka na mtungi, akaenda kuchota maji, akarudi kabla hatujanawa mikono.

Wakati wa kuondoka Ntandu alinisindikiza mpaka kihorini. Magesa alikuwa akingoja. Kaka yangu, aliyeogopa maji, aliingia mpaka magotini na koti lake lililopasuka kwapa, akachota kwa kiganja, akajaza kinywa, akanipulizia kifuani.

"Pita, mdogo wangu. Pita mbele yangu."

Kisha akachukua kibuyu cha mama mkononi mwangu, akakijaza ziwani, akakiziba kwa gunzi. "Mpelekee mama," alisema. "Aonje."

Magesa hakufanya mzaha wowote. Mafuru alishika makasia, na safari hii sikuzishika mbao.

Kurudi Mungaa

Njia ya kurudi sitawachosha nayo, ilinichosha mimi vya kutosha. Ilikuwa meli ile ile, behewa lile lile, na mbuga ya Wembere ambayo sasa matope yake yalikuwa yanaanza kukauka na kukamata vibaya zaidi. Tulikwama tena, na maji ya watu yakaisha. Kibuyu nilikuwa nacho, lakini sikukifungua.

Nikiwa nimekaa pale chini ya lori, wazo lilinijia. Baba ataniuliza nilipuliziwa maji gani. Kwetu maji ya ziwa hatumpulizii mtu hata kidogo. Ni machungu, na neno lililopita ndani yake linakuwa chungu. Kulikuwa na mtungi nyumbani kwa Ntandu. Ningeweza kumwambia tu apulizie maji ya mtungini, nami ningesema ni ya nyumbani, lisingekuwa uongo. Sikufikiri. Nilikwenda mbali vile, nikarudi na vazi lenye tundu kifuani.

Nilifika Mungaa mtama wa watu umekwisha kuanza kukatwa. Baba alikuwa zizini, anatengeneza mlango. Nilimwamkia. Aliniacha nikae, akanipa muda wa kupumua, kisha akauliza, "Umemwona?"

"Nimemwona. Ameoa huko. Ameniruhusu kwa kinywa chake."

"Kwa maji gani?"

Nilifikiria kusema uongo, na baba aliniona nikifikiria.

"Ya ziwa," nilisema.

Aliweka fito chini. "Basi hakukuruhusu. Amekutia uchungu."

"Baba, ziwa la huko—"

"Ziwa ni ziwa."

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyoyasema juu ya jiwe. Sikubishana. Nilimwita mama, nikachomoa gunzi, nikampa baba kibuyu mbele yake.

Alikinusa kwanza. Alionja kwa ncha ya ulimi, kama nilivyofanya. Akanywa funda.

"Haya ni ya mvua," alisema.

"Ni ya ziwa. Kaka aliyachota mbele yangu, amesimama ndani yake."

"Pembeni ni hivi. Katikati je?"

"Lote ni hivi. Tulivuka, tulinywa katikati."

"Kiangazi linakauka?"

"Halikauki, baba. Mwisho wake hauonekani."

Baba alitazama mikono yake, yenye makovu ya kamba za kisima. Alikunywa funda la pili polepole, akampa mama kibuyu.

"Mama Ntandu," alisema, "mwanao harudi."

Mama alikunywa kidogo, akakiziba kibuyu kwa gunzi. Hakulia. Alisema tu, "Mkewe anachota mbali?"

"Anarudi kabla watu hawajanawa mikono," nilisema.

Mama aliitikia kwa kichwa.

Baba alifungua zizi, akaanza kuwatenga ng'ombe wa kupeleka Sepuka, akiwagusa mmoja mmoja kwa fimbo. Alipomaliza alimtoa mwingine, mtamba mweusi mwenye baka jeupe, mzuri kuliko wote, akamfunga kando kwenye nguzo.

"Huyu je?" niliuliza. "Mzee Mpondo hakutaka wengi hivyo."

"Usimchanganye na wa Sepuka. Huyu ni wa watu wa Ukara. Tulichukua binti yao, hatukupeleka kitu."

"Baba, atafikaje? Mtumbwi wenyewe umeshonwa."

"Sijui," alisema. "Lakini kwangu katoka."

Mariamu yuko kwangu sasa; mnamwona akipita na chai. Ng'ombe yule bado yuko Mungaa, amezaa, na ndama naye anaitwa wa Ukara. Hakuna anayewagusa. Nilipokwenda kuwasalimia juzi, nilimkuta mama anarudi kutoka mtoni na mtungi mmoja tu, foleni ilikuwa ndefu. Kabla ya kumpa mtu yeyote maji, alimnywesha yule ng'ombe wa Ukara kwanza.